Kilichoua Masega ya Ekzosi: Kutafuta Chanzo Katika Gari la Zamani

Mtu anayemiliki gari la zamani hapa Unguja au Pemba huenda amekwisha kuambiwa na fundi kwamba masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilichomo ndani ya kopo la bomba la ekzosi (catalytic converter), yamekufa, na kwamba njia ni mbili tu: ama kuyatoa na kuliacha kopo likiwa tupu, ama kununua mengine. Pengine fundi huyo amesema kweli kuhusu masega, lakini hajasema lolote kuhusu kilichoyaua, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Masega hayana kipande kinachozunguka wala kinachosuguana, hayahitaji kutiwa mafuta, na katika injini yenye afya hutarajiwa kudumu kilomita laki moja na nusu au zaidi bila kuguswa. Yanapokufa mapema, na hasa yanapokufa mara ya pili muda mfupi baada ya kubadilishwa, sababu karibu kila mara iko mbele yake, upande wa injini, na masega mapya yatakutana nayo siku ile ile yatakapofungwa.

Ili kuitafuta sababu hiyo ni lazima kwanza kuelewa kinachofanyika ndani ya kopo lile. Mna gogo la kauri lenye vitundu vyembamba vilivyonyooka, mara nyingi mia nne kwa kila inchi ya mraba, ambavyo kuta zake zimepakwa tabaka lenye chembe ndogo sana za platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini haya hayatumiki yakaisha. Kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya gesi zinazopita. Kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksaidi. Petroli isiyoungua hugeuzwa kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi. Na oksaidi za nitrojeni huvunjwa zikabaki nitrojeni na oksijeni. Tabaka lile lina pia seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni kidogo pale inapozidi na kuitoa pale inapopungua. Kazi zote tatu hufanyika kwa pamoja ikiwa tu injini inapata hewa na petroli kwa uwiano wa karibu 14.7 kwa 1 kwa uzito, na ndiyo sababu kuna sensa ya oksijeni mbele ya masega inayoiambia kompyuta ya gari kila wakati iongeze au ipunguze petroli.

Joto nalo lina mipaka yake. Masega huanza kufanya kazi yanapofika nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na hufanya kazi vizuri baina ya 400 na 800. Yakipita 900 kwa muda mrefu, chembe za madini huanza kuungana na kuwa vidonge vikubwa, eneo la kugusana na gesi hupungua, na uwezo uliopotea haurudi tena hata gari likipoa. Yakipita 1,400, kauri yenyewe huyeyuka na vitundu huziba.

Masega basi hufa kwa joto, au kwa kufunikwa, au kwa kuvunjika. Kinachoyatia joto zaidi ni injini inayomisi. Silinda ambayo plagi yake haikutoa cheche hutoa petroli mbichi pamoja na hewa ambayo nayo haikutumika, na viwili hivyo vikifika kwenye masega yaliyokwisha kushika moto huwaka pale pale. Silinda moja kati ya nne ikiacha kuwaka gari likiwa katika mwendo, joto la masega laweza kupanda kwa mamia ya nyuzi katika dakika chache. Kwa sababu hiyo, magari yenye mfumo kamili wa kujipima huifanya taa ya injini imetamete, badala ya kuwaka kwa utulivu, pale injini inapomisi kiasi cha kuyaharibu masega. Taa ikimetameta namna hiyo, dereva hapaswi kujiambia kwamba atafika Nungwi kwanza kisha aangalie. Apunguze mwendo, atafute pa kusimama salama.

Mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi ni jambo linalohitaji kutenganishwa na hilo, ingawa mara nyingi huchanganywa nalo. Peke yake hauna oksijeni ya ziada, kwa hiyo hutia masizi zaidi kuliko moto. Huwa hatari kubwa unapopata hewa mahali pengine, kwa mfano kwenye ufa wa manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, au gasketi iliyokwisha kuliwa. Katika visiwa hivi, ambako hewa ya chumvi hula bomba, flanji na boliti za ekzosi haraka kuliko bara, gari lenye kasoro hizo mbili kwa wakati mmoja si ajabu hata kidogo, na ndilo gari ambalo mwenye gari huinama usiku akaona kopo la masega limekuwa jekundu.

Kufunikwa ni mauti ya polepole. Oili ya injini ina fosforasi na zinki, zilizotiwa kwa makusudi ili kulinda vyuma visisagane. Injini inapoila oili hiyo, majivu yake hutua juu ya tabaka la madini na kulifunika. Dawa ya rejeta inayovujia ndani ya silinda hufanya vivyo hivyo, na silikoni ya kuzibia isiyofaa kwa sensa, inayopakwa kwa wingi mahali pa gasketi, huwa hatari kwa sensa ya oksijeni na kwa masega pia. Wapo wanaoilaumu risasi iliyokuwa katika petroli, na zamani wangekuwa na haki, kwa kuwa risasi huua masega kwa matangi machache tu. Lakini nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya magari yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo kwa gari linalotembea leo mshukiwa huyo aondolewe.

Kuvunjika hakuhitaji maelezo marefu. Jiwe la barabara ya shamba, tuta lililorukwa kwa kasi, au kopo lenye moto kuingia ghafla katika dimbwi la maji ya masika, vyote vyaweza kuipasua kauri, na dalili yake ni mlio wa kokoto chini ya gari ukiligonga kopo kwa mkono likiwa limepoa.

Kabla ya kutafuta sababu, hata hivyo, lazima kuthibitisha kwamba masega yamekufa kweli, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Fundi huunganisha mashine ya kupimia, huona namba P0420, na hukumu huwa imetoka. Namba hiyo haisemi kwamba masega yamekufa. Inasema kwamba kompyuta imelinganisha sensa ya mbele na ya nyuma na haikuridhika. Sensa ya mbele ya aina ya kawaida hupanda na kushuka bila kutulia baina ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma, ikiwa masega yanahifadhi oksijeni yake vizuri, hutulia karibu na volti 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, masega yamechoka. Lakini tundu dogo la kutu mbele ya sensa ya nyuma huingiza hewa na kutoa picha hiyo hiyo, na sensa yenyewe iliyozeeka yaweza kudanganya. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kuwasha injini ikiwa baridi, kuziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache, na kusikiliza panapotoa mlio wa pumzi kuanzia kwenye manifoldi mpaka nyuma. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kwa magari yetu yaliyokaa karibu na bahari hakifai kurukwa.

Itazamwe pia gari lenyewe ni la aina gani. Toyota nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 2000 zina mbele sensa ya uwiano wa hewa na petroli, ambayo volti zake hazisomwi kwa namna niliyoitaja, na anayezilinganisha na za nyuma kama kwamba ni sensa mbili za aina moja atapotea. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana sensa ya nyuma kabisa. Hayo hayatatoa P0420 hata masega yakiwa yameyeyuka, na mwenye gari huambiwa kwamba mashine haikuona tatizo.

Masega yaliyochoka huleta taa na moshi wenye sumu, lakini gari huendelea kukimbia. Masega yaliyoziba ndiyo yanayolifanya gari likose nguvu, lisipande mlima, na lichemke. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu pampu dhaifu ya petroli au chujio lililoziba nalo hulifanya gari likose nguvu, na wengi wamekatiwa masega mazima kwa kosa la pampu. Kipimo cha kuyatenganisha ni geji ya vakyumu, yaani ya kupimia mvuto wa hewa, inayochomekwa kwenye manifoldi ya hewa. Injini nzima ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa petroli, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na kwa kuwa sisi tuko usawa wa bahari tunaweza kuzichukua namba za vitabu kama zilivyo. Fundi apandishe injini mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Sindano itashuka kidogo kisha irudi. Ikirudi na kutulia, njia iko wazi. Ikiwa inateremka taratibu kadiri dakika inavyokwenda, gesi zimekosa pa kutokea. Pampu mbovu haiishushi sindano kwa namna hiyo. Anayetaka uhakika zaidi hufungua sensa ya mbele na kufunga geji ya mgandamizo katika tundu lake: injini ikiwa sailensa mgandamizo usizidi paundi moja na nusu kwa inchi ya mraba, na kwa mizunguko 2,500 usizidi paundi tatu. Kipimo cha kulinganisha joto la mbele na la nyuma ya kopo kwa kifaa cha miale kinapendwa sana, na kinaweza kusaidia kidogo, ila mimi sikitegemei, kwa kuwa katika injini inayochoma petroli vizuri masega hayana kazi kubwa ya kufanya na tofauti ya joto huwa ndogo hata yakiwa mazima.

Tukisha kuthibitisha kifo, sasa ndiyo tuulize sababu, na maswali ya mwanzo aulizwe mwenye gari, si mashine. Unaongeza oili kila baada ya muda gani? Maji ya rejeta je? Plagi zilibadilishwa lini, na kwa za aina gani? Na swali ambalo halipaswi kusahauliwa katika visiwa hivi: themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto, ipo?

Nitalikalia swali hili kwa sababu naliona kuwa ndilo linalofafanua vifo vingi vinavyoitwa vya uzee tu. Ni mazoea ya gereji nyingi, gari likichemka, kuitoa themostati na kutoirudisha, kwa hoja kwamba hii ni nchi ya joto na kifaa hicho kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Hoja hiyo si sahihi. Themostati ya magari mengi ya Toyota huanza kufunguka karibu nyuzi 82, na hali ya hewa ya Zanzibar, hata mchana wa kaskazi, iko mbali sana na hapo. Bila ya themostati, maji huzunguka muda wote, na gari linalokwenda kwa upepo wa barabara ya Makunduchi laweza lisifike kabisa joto lake la kazi. Kompyuta husoma sensa ya joto la maji, huamini kwamba injini bado ni baridi, na huendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada hupaka plagi masizi; plagi yenye masizi huanza kukosa cheche; silinda ikikosa cheche hutoa petroli mbichi pamoja na hewa; na masega, ambayo kwa miezi kadhaa yalikuwa yakila masizi tu, sasa yanapata moto. Mwishoni mwenye gari huambiwa kwamba plagi ni mbovu, koili ni mbovu na masega yameyeyuka, akanunua vyote vitatu, naye bado hajakigusa kitu kilichoanza, ambacho ni nafuu kuliko vyote.

Sensa ya joto la maji yenyewe yaweza kusema uongo huo huo hata themostati ikiwepo. Kwa magari mengi ya Kijapani hutakiwa kuwa na ukinzani wa kilo-omu 2 hadi 3 katika nyuzi 20, na kushuka mpaka karibu kilo-omu 0.3 katika nyuzi 80. Ni kipimo cha dakika chache kwa mita ya kawaida ya umeme.

Kama kopo limekwisha kufunguliwa, masega yenyewe hutoa ushahidi. Uso wa mbele uliogeuka kuwa bonge linalong'aa kama kioo huelekeza kwenye kumisi. Masizi meusi makavu huelekeza kwenye petroli iliyozidi. Majivu ya kijivu au meupe yanayoganda ni ya oili, na ukoko mweupe pamoja na maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana panapovuja huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Kauri iliyopasuka lakini vitundu vyake viko safi ilipigwa au ilitikisika ndani ya kopo baada ya godoro lake, yaani kitambaa kinachoizunguka na kuishikilia, kuchakaa. Fundi anayeyavunja avae barakoa, kwa kuwa vumbi lile si la kuvuta.

Kwa gari linalotoa takwimu kwenye mashine ya kupimia, tazama masahihisho ya petroli ambayo kompyuta inayafanya. Ya muda mrefu yakiwa baina ya asilimia 10 juu na 10 chini, mchanganyiko kwa jumla ni wa kawaida. Yakishuka chini zaidi ya hapo, kompyuta inapunguza petroli inayotoka kwingine isikotarajiwa: nozeli inayovuja, au rejuleta ya mgandamizo ambayo mpira wake umetoboka na petroli inapita kwenye bomba la vakyumu, ambalo ukilichomoa hunuka petroli. Yakipanda juu, kuna hewa inayoingia bila kupimwa, au pampu haitoshi, na mchanganyiko mwepesi nao humisi, kwa hiyo nao hupeleka joto kwenye masega. Gari lisilotoa takwimu lisomwe kwa plagi: zipangwe kwa mfuatano wa silinda, maana plagi moja yenye hali tofauti na wenzake husema zaidi kuliko nne zinazofanana.

Oili inahitaji uvumilivu kwa sababu haionekani kwa siku moja. Jaza mpaka alama, andika kilomita, pima tena baada ya kilomita elfu moja. Injini inayokula lita nzima katika umbali huo haifai kufungiwa masega mapya kabla ya kutibiwa. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 inajulikana sana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni, na gari la namna hiyo laweza lisitoe moshi wa kuonekana kabisa huku likiyapaka masega majivu kila siku. Moshi wa buluu asubuhi tu, unaokwisha baada ya dakika moja, kwa kawaida ni sili za valvu. Unaoendelea gari linapovuta ni ringi. Lakini kabla ya kuifungua injini, ibadilishwe valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, kwa maana ikikwama huvuta oili nyingi na hufanana kabisa na ringi zilizokufa.

Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara, na ile iliyochanganywa oili kwa ajili ya mashine za boti, zisitiwe katika gari lenye masega. Moja huenda imechanganywa mafuta ya taa, nyingine ina oili kwa hakika.

Baada ya sababu kupatikana na kuondolewa, ndipo swali la masega yenyewe linapofaa kujibiwa. Kuyatoa na kuliacha kopo tupu ni rahisi, na najua kwamba wengi hawana uwezo wa kufanya vinginevyo. Lakini kaboni monoksaidi ambayo ingegeuzwa hutoka yote, na katika Darajani au kwenye foleni ya Mwanakwerekwe hutoka mbele ya watu wanaotembea, wanaouza na wanaosubiri gari. Na kwa gari ambalo sakafu yake imetobolewa na kutu, sehemu yake huingia ndani kwa waliokaa, wakiwemo watoto. Anayenunua mapya ya bei rahisi ajue kwamba urahisi huo kwa kawaida umetokana na kupunguzwa kwa madini, na kwamba taa yaweza kurudi baada ya muda bila injini kuwa na kosa. Yaliyotumika kutoka gari la aina ile ile yaweza kuwa bora, ikiwa kauri yake ukiimulika kwa tochi upande mmoja unaona vitundu vyote vimenyooka na vina rangi moja.

Siku ya kuyafunga, gasketi za flanji zote ziwe mpya na themostati iwe mahali pake. Kisha gari lipelekwe mwendo wa nusu saa katika barabara iliyo wazi, lirudi gereji likiwa na moto, na geji ya vakyumu ichomekwe tena. Namba itakayosomwa hapo, pamoja na kiwango cha oili na kilomita za siku hiyo, iandikwe katika karatasi na ihifadhiwe ndani ya gari, ili fundi wa mwakani awe na kitu cha kulinganisha.